Kazi Iliyotangulia Kamera: Miranda de Pencier na The Grizzlies

Mtayarishaji wa filamu anapokalia kiti cha mwongozaji kwa mara ya kwanza, wahakiki huwa na haraka ya kutazama alivyopanga picha, alivyosogeza kamera na alivyowaongoza waigizaji, kana kwamba siku ya kwanza ya kurekodi ndiyo siku ya kwanza ya kazi yake. Kipimo hicho kinamfaa mtu aliyetoka katika upigaji picha au uhariri. Kwa mtayarishaji hakitoshi, kwa sababu ujuzi wake mkubwa uko kwingine: katika kujua nani aitwe mezani, nani apewe haki ya kukataa, fedha ziende wapi, nani afunzwe kazi gani, na mradi usubiri mpaka lini. The Grizzlies, filamu ndefu ya kwanza kuongozwa na Miranda de Pencier, iliyooneshwa mara ya kwanza katika Tamasha la Filamu la Toronto mwezi Septemba 2018, inalidhihirisha jambo hili kuliko filamu nyingi ninazozijua. Uzuri wake mwingi ulikwisha kuamuliwa kabla kamera haijawashwa. Udhaifu wake mkubwa nao ulitoka mezani palepale.

De Pencier hakuwa mgeni katika tasnia. Watazamaji wa Kanada walimwona mwaka 1985 katika Anne of Green Gables, tamthilia ya televisheni iliyotokana na riwaya yenye jina hilohilo, ambamo aliigiza nafasi ya Josie Pye, na miaka zaidi ya 30 baadaye akawa miongoni mwa watayarishaji wakuu wa Anne with an E, tamthilia iliyoirudia riwaya ileile kwa jicho jipya. Katikati ya vituo hivyo viwili alikuwa mmoja wa watayarishaji wa Beginners ya mwaka 2010, filamu iliyompatia Christopher Plummer tuzo ya Oscar akiwa na umri wa miaka 82. Mtu mwenye historia ya namna hiyo anazijua njia za fedha na anawajua mawakala. Anafahamu pia kwamba mradi unaweza kufa mikononi mwake miaka mitano baada ya kuanza bila mtu yeyote wa nje kujua kwamba uliwahi kuwapo.

Wengine walipita njia hiyo kabla yake. Alan J. Pakula alitayarisha To Kill a Mockingbird mwaka 1962, akaongoza filamu yake ya kwanza mwaka 1969. Irwin Winkler, mmoja wa watayarishaji wawili wa Rocky ya mwaka 1976, ambayo mpaka leo ndiyo kigezo cha filamu zote za mnyonge anayeinuka, alisubiri hadi mwaka 1991 kuongoza ya kwake. Ninawataja ili kuonesha tofauti moja tu: wote wawili waliongoza kwa mara ya kwanza wakiwa ndani ya mazingira waliyoyazoea, kwa lugha yao, miongoni mwa waigizaji wa kulipwa. De Pencier alichagua kuanzia mahali ambapo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mgeni.

Mahali hapo ni Kugluktuk, kijiji cha Wainuit, watu wa asili wa Aktiki, ukanda wa barafu wa kaskazini, kisichofikisha watu 1,500, kilichoko kwenye mlango wa Mto Coppermine, katika pwani ya kaskazini ya Kanada. Mpaka mwisho wa mwaka 1995 ramani za serikali zilikiita Coppermine, kwa jina la mto wenyewe. Tangu Januari 1996 kinatumia jina la wenyeji. Miaka mitatu baadaye, tarehe 1 Aprili 1999, eneo lote likawa sehemu ya Nunavut, jimbo jipya lililotokana na madai ya ardhi ya Wainuit. Katika kipindi hichohicho, mwaka 1998, kijana wa Kizungu kutoka kusini aitwaye Russ Sheppard aliwasili kufundisha katika shule ya sekondari ya kijiji. Alikuta darasa lenye mahudhurio hafifu na jamii iliyokuwa ikizika vijana wake waliojiua, mmoja baada ya mwingine. Akaanzisha timu ya lakrosi, mchezo wa kurushiana mpira mdogo mgumu kwa vijiti virefu vyenye kikapu cha nyuzi kwenye ncha. Timu ikaitwa Grizzlies, kwa jina la dubu wa kahawia wanaozurura nyika za upande huo. Wachezaji walitakiwa kwanza kuhudhuria masomo. Mwishowe walisafiri mpaka Toronto kushindana na shule za kusini.

Huo ni mfupa wa hadithi, na msomaji yeyote aliyewahi kutazama filamu za michezo anaweza kuujazia nyama bila kuiona filamu yenyewe. Mwalimu mwenye nia njema anafika, wanafunzi wanampuuza, anakosea, anajifunza, timu inapigwa vibaya, timu inaanza kushinda, wazee wanaokataa wanalainika. Waswahili tulikwisha kuuweka mpangilio huo katika maneno manne: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatari ya kisa cha Kugluktuk ni kwamba ukweli wenyewe ulikuwa umekaa ndani ya kalibu hiyo. Sheppard alikuwapo kweli na timu ilianzishwa kweli. Mwongozaji asingeweza kumfuta mwalimu bila kusema uongo, na asingeweza kumweka katikati bila kurudia kosa ambalo sinema imelifanya kwa miaka mingi, la kuwafanya watu wa asili kuwa mandhari ya ukuaji wa mtu mwingine.

Hapa ndipo utayarishaji ulipotangulia uongozaji. Uamuzi wa kwanza mzito wa de Pencier haukuhusu picha hata moja. Aliwaingiza Stacey Aglok MacDonald na Alethea Arnaquq-Baril katika kundi la watayarishaji. MacDonald ni mwenyeji wa Kugluktuk yenyewe. Arnaquq-Baril ni wa Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, na mwaka 2016 alitoa Angry Inuk, filamu ya hali halisi iliyotetea uwindaji wa sili dhidi ya kampeni za wanaharakati wa kusini ambao hawakuwahi kuuliza Wainuit wanakula nini na wanalipa kodi ya nyumba kwa fedha gani. Anayemwalika mtu wa namna hiyo mezani hatafuti mapambo. Anajua ataulizwa maswali magumu kuhusu kila ukurasa wa mswada.

Ninasisitiza neno mtayarishaji kwa sababu katika filamu nyingi zinazosimulia jamii za pembezoni, wenyeji huitwa washauri. Mshauri huulizwa jinsi ya kuvaa, jinsi ya kusalimia, wimbo upi huimbwa msibani. Akimaliza kujibu, hulipwa posho na kurudi nyumbani, na jibu lake hutumika au halitumiki kadiri mwenye filamu apendavyo. Mtayarishaji ana nafasi tofauti kabisa. Anaona bajeti, anashiriki kuchagua waigizaji, anakaa katika chumba cha uhariri, na jina lake linabeba lawama filamu ikiharibika. Tofauti hiyo haionekani kwenye kioo kama kitu cha kuelekeza kidole, lakini inaonekana katika kila kitu kingine. Ni mtu aliyefanya kazi ya utayarishaji kwa miaka mingi ndiye anayejua cheo kipi kina meno na kipi ni cha heshima tu.

Uamuzi wa pili ulikuwa kurekodi Nunavut badala ya kujenga theluji ya bandia mahali pa bei nafuu. Msomaji asiyeijua Aktiki huenda asione uzito wa uamuzi huo. Nunavut haina barabara zinazounganisha vijiji vyake. Chakula, mbao, mafuta na vipuri huja kwa ndege mwaka mzima, na kwa meli katika majuma machache ya kiangazi ambapo barafu ya bahari imeyeyuka. Kila taa na kila sanduku la lenzi hulipiwa kwa uzito wake. Betri huishiwa chaji upesi kwenye baridi kali, na kamera iliyotolewa nje ikarudishwa ndani bila kungojewa hufunikwa na ukungu mpaka ndani ya lenzi. Mtayarishaji yeyote mwenye akili timamu angetafuta sababu za kuhamia kusini. De Pencier alizijua sababu zote hizo kwa tarakimu, na akabaki.

Hata hivyo, hakubaki Kugluktuk. Sehemu kubwa ya filamu ilirekodiwa Iqaluit, upande wa pili kabisa wa jimbo, umbali wa takriban kilomita 2,000 kwa ndege, katika Kisiwa cha Baffin. Ninaielewa sababu: Iqaluit ina watu zaidi ya 7,000, ina hoteli, ina uwanja wa ndege unaoweza kupokea mizigo, na kijiji cha watu 1,400 kisingeweza kumeza kikosi cha filamu kwa majuma kadhaa bila kuvurugika. Lakini kuna gharama. Wainuit wa magharibi na wa mashariki si watu walewale kwa kila kitu. Kugluktuk huzungumzwa Kiinuinnaqtun, kinachoandikwa kwa herufi za Kirumi; Iqaluit huzungumzwa Kiinuktitut, kinachoandikwa kwa alama za silabi. Vijana wa mashariki walikuwa miongoni mwa waliobeba simulizi ya kijiji cha magharibi, na mandhari ya Baffin yakasimama mahali pa mandhari ya bara. Mtazamaji wa Toronto hataona tofauti. Mzee wa Kugluktuk ataiona, na filamu inayojivunia uhalisi haina budi kukubali kwamba hapo ilipunguza.

Uamuzi wa tatu ndio ninaouthamini zaidi. Vijana wa Nunavut walichukuliwa kama wanagenzi katika kazi za nyuma ya kamera, na nafasi nyingi za wanafunzi zilipewa vijana ambao hawakuwahi kuigiza filamu. Anna Lambe, anayeigiza nafasi ya Spring, alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari Iqaluit alipofanyiwa usaili. Emerald MacDonald, anayeigiza nafasi ya Miranda, na Paul Nutarariaq, anayeigiza nafasi ya Zach, ni Wainuit pia. Kuwafunza watu wakati saa ya kurekodi inakimbia ni jambo la gharama kubwa, kwani kila mwanagenzi anahitaji mtu wa kumwelekeza, na kila dakika ya kuelekeza ni dakika isiyorekodiwa. Bajeti hutengenezwa na mtayarishaji, kwa hiyo fedha ya mafunzo lazima iwe imewekwa mapema, la sivyo ndiyo ya kwanza kukatwa mvua au tufani ikila siku mbili za ratiba.

De Pencier alikuwa amejifunza sehemu ya somo hilo kwa kazi ndogo zaidi. Kabla ya The Grizzlies aliongoza filamu fupi iitwayo Throat Song, iliyorekodiwa Iqaluit, inayomfuata mwanamke kijana wa Kiinuit anayeishi katika ndoa yenye kipigo. Mwaka 2013 ilishinda tuzo ya filamu fupi bora ya kuigiza katika Tuzo za Filamu na Televisheni za Kanada. Wengi hutengeneza filamu fupi kama kadi ya kujitambulisha kwa wenye fedha. Yeye aliitumia kupima kama jamii itamkubali, kama yeye mwenyewe anaweza kunyamaza vya kutosha, na kama kisa kizito cha watu wasio wake kinaweza kupita mikononi mwake bila kugeuka maonesho ya huzuni. Mtayarishaji huita hatua hiyo kupunguza hatari. Mwongozaji angeiita mazoezi. Kwake yalikuwa jambo moja.

Matunda ya maandalizi hayo yanaonekana katika nyuso. Wainuit wengi hukubali jambo kwa kuinua nyusi na kulikataa kwa kukunja pua, bila kutamka neno. Mwalimu wa kusini anayesimama mbele ya darasa akingojea jibu la sauti atadhani amepuuzwa, ilhali amejibiwa na darasa zima. Ishara ya namna hiyo haifundishwi kwa mwigizaji aliyekodiwa jijini katika asubuhi moja. Ikiigizwa, inakuwa kubwa mno na inachelewa. Kwa Emerald MacDonald inapita usoni kwa muda mfupi kiasi kwamba kamera isingekuwa karibu isingeikamata. De Pencier anaiweka kamera karibu na kuiacha ikae. Katika matukio ya darasani na ya majumbani, pale ambapo mwongozaji mwenye hofu angekata upesi kwenda kwa mtu anayezungumza, yeye anakaa na anayesikiliza. Ndiyo sababu tunayafahamu mambo ya Zach, kijana anayemlea mdogo wake huku wazazi wamezama kwenye ulevi, kabla hajayasema. Hayo ni maamuzi ya uongozaji hasa, na ni mazuri.

Tukio ninalolikumbuka kuliko yote halihusu mchezo. Mwalimu anakwenda nyumbani kwa Adam, kijana mwindaji anayelelewa na bibi na babu wasiotaka asome. Mwalimu anadhani anakabiliana na ukaidi wa wazee. Kilichoko chumbani ni historia. Kwa zaidi ya karne moja watoto wa watu wa asili wa Kanada zaidi ya 150,000 walipelekwa katika shule za bweni zilizoendeshwa na serikali na makanisa, wengi wakichukuliwa kwa nguvu, wakaadhibiwa kwa kuzungumza lugha zao, wengine hawakurudi. Waziri Mkuu Stephen Harper aliomba radhi bungeni mwezi Juni 2008, na Tume ya Ukweli na Maridhiano ikatoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2015. Kwa wazee hawa, mtu mweupe anayebisha hodi akitaka mtoto aje shuleni si mfadhili. Filamu inaufikisha uzito huo bila hotuba ndefu, na kwa dakika hizo kalibu ya mwalimu mwokozi inapasuka kabisa: anayehitaji kufundishwa ni yeye, naye analipa kwa aibu.

Kisha kalibu inajiunga tena, na hapa ndipo lawama yangu inapoanzia. Mswada uliandikwa na Moira Walley-Beckett na Graham Yost, waandishi hodari wenye asili ya Kanada waliojijengea jina katika televisheni na sinema ya Marekani. Ni mswada uliosukwa vizuri, na ufundi huohuo ndio tatizo. Tunaingia Kugluktuk kupitia macho ya Russ, aliyeigizwa na Ben Schnetzer; tunajua anataka kukaa kwa muda mfupi kisha apate kazi katika shule ya kitajiri kusini; na kila msiba wa kijiji, pamoja na uchungu wake wa kweli, unageuka pia kuwa hatua katika safari ya kumbadilisha yeye. Waandishi wanamkosoa, wanamfanya akosee, wanampa maneno ya kujuta. Hata hivyo kumkosoa mhusika mkuu hakumwondoi katikati. Mtazamaji hufuata pumzi ya yule ambaye filamu ilianza naye safari.

Ninaamini huo ulikuwa uamuzi wa kitayarishaji, wa aina ile yenye hofu. Filamu yenye waigizaji wasiojulikana, katika baridi ya Aktiki, juu ya vijana wanaojiua, ni ngumu kuuza. Mwalimu kijana kutoka kusini ni mlango ambao msambazaji anaufahamu. Ndivyo ninavyoisoma pia nafasi ya Kyle, mmoja wa wanafunzi, kupewa Booboo Stewart, Mmarekani aliyekwisha kujulikana kupitia filamu za Twilight, ilhali nafasi nyingi za wenzake zilikwenda kwa wenyeji. Simlaumu Stewart, anayeigiza kwa unyenyekevu. Ninasema tu kwamba mtayarishaji yuleyule aliyekuwa jasiri katika kuchagua mahali na watu alikuwa na tahadhari kubwa alipofika kwenye swali la nani awe jicho la hadithi.

Afrika Mashariki tunalijua swali hilo vizuri. The First Grader ya mwaka 2010 ilisimulia kisa cha Mzee Kimani Maruge, aliyeanza darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, na ikampa mwalimu wake uzito mkubwa kiasi kwamba mara nyingine mzee mwenyewe anakuwa sababu ya mwalimu kuonesha ujasiri. Queen of Katwe ya mwaka 2016, kisa cha Phiona Mutesi, msichana wa Uganda mcheza sataranji, ilifanikiwa zaidi, na sidhani ni bahati: mwongozaji wake, Mira Nair, alikuwa ameishi Kampala kwa miaka mingi na alianzisha Maisha, mradi wa kuwafunza watengenezaji filamu wa kanda hii, mwaka 2004, kocha wa hadithi, Robert Katende, ni Mganda, na kamera inaanza na kumalizika na Phiona. Humo hakuna haja ya kumleta mtu kutoka mbali ili dunia ijali. The Grizzlies ilikuwa na kila kitu cha kufika huko. Msichana Miranda, mwerevu, mkimya, anayeishi katika nyumba isiyo salama na anayekuja kuishika timu kwa upande wa uendeshaji, angeweza kubeba filamu nzima mabegani. Kila anapoingia kwenye picha, hadithi inapata joto. Kisha tunarudi kwa mwalimu.

Kuhusu lakrosi yenyewe sina mengi. Mechi zimerekodiwa kwa nguvu na zinaeleweka hata kwa asiyejua kanuni. Ingefaa tu hadithi ya mchezo ipewe nafasi zaidi, kwa kuwa lakrosi ilianza kwa Wahaudenosaunee na mataifa mengine ya asili ya kusini karne nyingi kabla ya Kanada kuwapo, na mwaka 1994 bunge likautangaza kuwa mchezo wa taifa wa kiangazi. Mchezo wa watu wa asili, uliochukuliwa na shule za walowezi, ulirudi kwa watu wengine wa asili ukiwa mkobani mwa mwalimu mweupe. Ndani ya jambo hilo kuna filamu nyingine nzima.

Jambo zito zaidi ni kipimo cha ushindi. Filamu za wanyonge huhesabu magoli. Hii inajaribu kuhesabu vijana waliobaki hai, na kwa hilo ninaiheshimu sana. Kujiua kwa kiwango kikubwa si jambo la jadi ya Wainuit. Kulikuwa nadra mpaka miongo ya kati ya karne ya 20, kukaanza kupanda tangu miaka ya 1970 katika kizazi cha kwanza kilichokulia kwenye makazi ya kudumu, baada ya familia kuondolewa kwenye kambi zao za uwindaji na watoto kupelekwa bweni. Leo kiwango chake miongoni mwa Wainuit ni mara kadhaa ya kile cha Kanada nzima. Simulizi lililoifanya Kugluktuk ijulikane ni kwamba baada ya timu kuanza, vifo vya vijana kwa kujiua vilipungua mno kwa miaka kadhaa. Ninaelewa kwa nini habari hiyo inamtoa mtu machozi. Imenitoa mimi pia.

Lakini mwongozaji anayefunga filamu kwa habari njema kama hiyo anabeba dhamana. Mkakati wa kitaifa wa kuzuia kujiua ambao shirika la Wainuit, Inuit Tapiriit Kanatami, liliutoa mwaka 2016 unaanza na usawa wa kijamii: umaskini, makazi, chakula, elimu. Unaendelea na uendelevu wa utamaduni, malezi bora tangu mtoto azaliwe, huduma za afya ya akili, na uponyaji wa majeraha yasiyotibiwa. Timu ya michezo inaweza kuwa uzi mmoja katika kitambaa hicho, nao ni uzi muhimu, kwa sababu inampa kijana watu wanaomngojea jioni. Haiwezi kuwa kitambaa. Filamu inalijua hilo. Ndiyo maana inamwonesha Zach akikosa chakula, na ndiyo maana furaha ya uwanjani haizuii msiba kurudi katikati ya hadithi, wakati ambapo filamu nyingine ya aina yake ingekuwa imekwisha kuanza kupanda mlima wa ushindi. Uamuzi huo wa kutoulinda moyo wa mtazamaji ulihitaji mwongozaji aliyeketi na familia zilizofiwa. Mpangilio wa mwisho tu ndio unaoelekea kutuachia hisia kwamba safari ya Toronto ndiyo iliyotibu, na mtu anayetoka ukumbini bila kusoma zaidi anaweza kuamini kwamba vijiti na mkufunzi mwenye moyo vinatosha.

Mwaka 2025 Stacey Aglok MacDonald na Alethea Arnaquq-Baril walitoa North of North, tamthilia ya vichekesho waliyoibuni wenyewe na kuirekodi Iqaluit, iliyooneshwa kwanza na vituo vya televisheni vya CBC na APTN nchini Kanada, kisha na Netflix duniani kote. Mhusika mkuu ni Siaja, mama kijana wa Kiinuit anayeachana na mumewe mbele ya kijiji kizima na kuanza maisha upya; anaigizwa na Anna Lambe, mwanafunzi yule wa Iqaluit. Watu wa kusini wamo, wengine wakiwa na vyeo, lakini jicho la hadithi ni la Siaja tangu mwanzo, na vichekesho vyenyewe vimeandikwa na watu wasiohitaji kumweleza mgeni kila kitu.

Sifa ya kazi hiyo ni ya wanawake hao wawili na ya Lambe, wala siigawi kwa mtu mwingine. Hata hivyo, mtu akitaka kupima uongozaji wa kwanza wa de Pencier kwa haki, hana budi kuzingatia kwamba meza yake ya utayarishaji ilikuwa moja ya mahali ambapo watu hawa walifanya kazi pamoja, kwa cheo halisi na kwa bajeti halisi. Na akitaka kuukosoa kwa haki, swali lake linapaswa kuhusu mezani hapohapo: kwa nini mwaka 2018 wenyeji walioaminiwa kutayarisha hawakupewa pia kalamu ya mswada? Walikuwapo. Mmoja wao alitoka kijiji kilekile kinachosimuliwa. De Pencier alikuwa amefungua milango yote ya nyumba hiyo isipokuwa mmoja, nao ndio uliokuwa wa chumba ambamo huamuliwa hadithi ni ya nani.